Mnyama Uliyetaka Kumpa Jina Langu

Mkwe wangu, baba wa wajukuu wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, geuza kiti. Utazame ukutani, au dirishani, popote pasipo na mtu, kama ulivyokuwa ukikaa sebuleni kwangu hapa Matisi, mlango wa jikoni umeupa kisogo. Mimi nami nimegeuka. Sufuria ya maharagwe iko motoni, nimekaa kwenye kigoda changu kilekile, na kalamu naishika kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Sijawahi kukuandikia. Kwetu mama mkwe hamwandikii mkwe wake, ni sawa na kumkazia macho. Ndiyo maana nimemwomba anayetengeneza kijarida cha kanisa letu aichapishe barua hii wazi, waisome watu wote, nawe uisome katikati yao, kama mtu anayesikia jirani akiongea upande wa pili wa ukuta. Binti yangu Nafula ameahidi kukutumia huko ng'ambo uliko. Kwa hiyo sisemi na wewe. Mimi nasema tu, na wewe unapita.

Wako watakaosoma hapa ambao si watu wa Bungoma, nao watauliza, huyu mama ana shida gani na mkwe wake? Hana shida. Wewe unajua. Sisi tunaiita chisoni, yaani haya, haya ya mkwe na mama mkwe. Hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Na jina langu hulitaji, hata ukiulizwa na askari. Watu hudhani hiyo ni chuki. Kumbe ni heshima iliyozidi mpaka haiwezi kuangaliwa usoni.

Tangu umwoe binti yangu, sura yako siijui vizuri. Najua kisogo chako. Najua viatu vyako vyenye vumbi la Turkana ulivyokuwa ukiviacha mlangoni. Lakini sauti yako, mkwe wangu, naijua kuliko ninavyoijua sauti ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Niliisikia mara ya kwanza siku ya posa. Tulikuwa bado tunaishi Endebess, baba Nafula akikamua ng'ombe kwenye shamba kubwa la maziwa. Wazee wenu walitoka Chwele asubuhi, wakakaa chini ya paa letu la mabati, nami nikiwa jikoni na wanawake wengine tumeegesha masikio kwenye mbao. Baba Nafula akauliza swali ambalo kila baba huuliza.

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Anasoma mifupa," mjomba wako akajibu.

"Mifupa ya nani?"

"Ya wanyama. Wa zamani sana."

"Wako wapi sasa?"

"Walikufa wote."

 Kisha baba Nafula akasema, "Sasa hiyo nyama nani alikula?"

Nyumba ilicheka mpaka kuku wakatoka nje. Mzee mmoja wa upande wetu akasema bora angekuwa mchinjaji, angalau mchinjaji huleta matumbo Jumamosi. Ndipo nikasikia sauti yako, ya chini, bila hasira.

"Baba, hiyo nyama ilioza kabla hakujawa na mtu wa kuila. Mimi nimechelewa, nimekuta mifupa tu. Lakini binti yenu sitamchelewesha."

Wanawake jikoni walinipiga mabega. Nilifurahi. Lakini ngoja nikuambie ukweli, kwa kuwa hunitazami: niliona aibu pia. Aibu ya kazi yako. Wenzangu walikuwa na wakwe walimu, wakwe makarani, mkwe wa mmoja alikuwa msimamizi wa ghala la mahindi Kitale. Mimi nikapata wa mifupa. Kwetu mifupa iko chini, na iliyo chini haichokozwi. Ukisikia mtu anafukua mifupa, huulizi mshahara wake, unauliza ni ya ukoo gani.

Tulipohamia Matisi, kando ya mji wa Kitale, nikapata dawa ya aibu hiyo. Watu wakiniuliza, nilisema, "Mkwe wangu ni daktari." Si uongo, si ulikuwa umerudi kutoka chuo na cheo hicho? Wakiuliza daktari wa nini, nasema wa mifupa, naingia ndani. Mpaka yule mzee jirani aliposikia umekuja, akajikokota na goti lake lililovimba kama boga, akaketi mbele yako sebuleni na kukunja suruali. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nimeganda. Nilingoja useme, "Nani amekudanganya?" Hukusema. Ulimwambia, "Mzee, mimi natibu wale ambao hawawezi kupona tena. Wewe bado unapona. Twende." Ukampakia kwenye gari lenu la safari, ukampeleka hospitali, ukangoja naye huko mpaka akaitwa. Uliporudi hukuniuliza chochote kupitia ukuta. Ulisema tu, "Mama, chai yako leo ina tangawizi nzuri."

Ee Bwana. Tangawizi yenyewe sikuwa nimetia.

Mazungumzo yetu ya ukutani yalianza hivyo. Kila kiangazi mlipokuwa mkipanda Turkana na lori lenu, mlilala Kitale kununua vitu, nawe ukapita kwangu kula ugali. Nafula akiwepo yeye ndiye aliyebeba sahani kutoka upande wangu kwenda upande wako. Asipokuwepo niliweka sahani mlangoni, nikakohoa, nikarudi jikoni, nawe ukaja kuichukua. Kisha ukaongea na ukuta, na mimi nikaujibu ukuta.

Ulinisimulia jinsi ulivyoanza. Ulikuwa mdogo, umetumwa kwa ndugu wa baba yako mlimani Elgon, mkaingia pango lile ambalo tembo huingia kulamba chumvi. Ukaona mfupa ndani ya ukuta wa jiwe. Si juu ya jiwe, ndani. Ukauvuta haukutoka. Ukamwuliza mwalimu, mfupa huingiaje ndani ya jiwe? Mwalimu akasema, "Hilo haliko kwenye mtihani."

"Basi nikaendelea na shule, mama," ukasema, "nikitafuta mtu ambaye kwake liko kwenye mtihani."

Nikakuuliza, hao mijusi wakubwa, hao dinosaria, ni wa lini? Kabla ya gharika? Nilijua swali hilo ni mtego, kwa sababu Jumapili iliyotangulia mhubiri mmoja mgeni alikuwa amewakemea vikali wanaosema dunia ni nzee kuliko tunavyofundishwa, na wamama wawili waligeuka wakanitazama.  Nilisikia ukilamba vidole.

"Mama, unajua marika ya tohara yanavyozunguka. Rika la babu wa babu linarudi, jina lilelile, kwa vijana wa leo."

"Najua."

"Sasa zungusha. Zungusha mpaka uchoke. Ukichoka lala, uendelee kesho."

"Na nikichoka kabisa?"

"Hapo bado hujafika, mama."

Siku hiyo niliomba nikiwa nimechanganyikiwa, lakini nilipoinuka magotini moyo ulikuwa umetulia. Nilijiambia, basi Mungu hana haraka. Sisi ndio wenye haraka. Sijawahi kukuambia kwamba neno hilo limenisaidia katika mambo mengi ambayo hayahusu mifupa.

Na kazi yako ikaingia mikononi mwangu bila mimi kujua. Unakumbuka? Ulisema mkipata mfupa hauwezi kubebwa hivihivi, utavunjika kama biskuti iliyolowa. Mnaufunika kwanza kwa karatasi laini ya choo iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukauke uwe mgumu kama yai. Ukalalamika kwamba magunia mnayokata wenyewe yanachanika nyuzi, plasta inapasuka njiani.

Sasa mimi maisha yangu ni magunia. Tangu tuhamie mjini nimeshona magunia ya mahindi pale karibu na maghala, kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda. Nikauambia ukuta, "Gunia halikatwi hivyo. Unafuata uzi, unakunja ukingo, unashona." Nikakukatia mikanda. Msimu uliofuata ukasema hakuna mfupa hata mmoja uliovunjika. Tangu hapo kila kiangazi nilikuwa na furushi lako tayari, mikanda mirefu iliyokunjwa ukingo, imeshonwa kwa uzi wa buluu kwa sababu uzi wa buluu ndio niliokuwa nao. Ulikuwa ukilichukua mlangoni na kuacha sukari na sabuni mahali pake. Hatukuonana hata siku moja.

Isipokuwa ile siku ya mjini, na ile nayo hatuihesabu. Nilikuwa natoka kusaga unga, nawe uko dukani kwa yule Kalasinga wa vifaa vya ujenzi, na Mzungu mmoja mgeni wenu, mnapakia mifuko ya plasta. Nilipokata kona nikaona kisogo chako kinageuka. Nikajifunika leso usoni, nikageukia barabara. Nikasikia kishindo. Ulikuwa umeruka nyuma ya mifuko, mmoja ukapasuka.

"Kuna nini, Profesa?" Kalasinga akauliza. "Umeona simba?"

"Mama mkwe," ukasema kutoka huko chini.

"Ah! Pole sana. Hata mimi niko na mmoja. Kaa hapo hapo, mimi nitakuambia akienda."

Mzungu alikuwa anacheka mpaka anashika magoti. Mimi niliondoka haraka, leso mdomoni, machozi ya kicheko yananitoka. Wanasema ulitoka pale mweupe wote kama mzimu. Mtu aliyesoma kote huko, anayeitwa kuhutubia wasomi wenzake, akalala kifudifudi kwenye plasta kwa ajili ya mshona magunia. Nilitembea mpaka Matisi nikijihisi mtu mkubwa.

Kwa hiyo nijibu, mkwe wangu: mtu aliyeheshimiwa hivyo, anawezaje kutoa maneno niliyoyatoa mimi?

Nafula alikuja siku moja wakati wa kupalilia, akaninyang'anya jembe, akanikalisha.

"Mama, amepata mnyama mpya. Hajawahi kuonekana popote duniani. Yule aliyepata ndiye hutoa jina. Na anataka kutoa jina lako."

"Kwa mtoto?" nikaruka. "Una mimba?"

"Hapana, mama. Kwa mnyama."

"Ng'ombe?"

"Si ng'ombe."

"Nafula, sema."

"Mjusi. Mkubwa kama nyumba hii, mama. Wataliandika vitabuni, watalitia mkia wa Kilatini, halitafutika tena."

Kwanza nilicheka. Halafu nikawaona wamama wa maombi, mmoja mmoja, wakisikia kwamba mwenyekiti wao amegeuzwa mjusi. Nikamwona yule mhubiri mgeni. Nikamsikia shangazi yake Nafula, dada wa mume wangu, ambaye ndiye mlinzi wa mila zetu zote: mkwe ametaja jina la mama mkwe! Tena si kutaja mara moja, kulitangaza duniani! Damu ilinipanda kichwani. Nafula alikuwa bado anaongea, anasema, "Ngoja mama, amefikiria hata namna ya..." Sikumngoja.

Nikasema, mwambie mimi si mjusi, wala mama yangu hakuzaa mijusi. Mwulize, huko alikosomea ndiko wanakowavua nguo wakwe zao mbele ya watu? Kama anataka jina, amtafutie mama yake mzazi. Nikasema na mengine. Nilisema aibu ya kufukua makaburi ilitosha, asiniongezee.

Binti yangu aliweka jembe chini taratibu. Alisema, "Nitamwambia, mama." Naye ni mtoto mwaminifu, nilimlea hivyo. Alikuambia yote.

Kiangazi kikaja. Lori lenu likaja Kitale. Nilipika kuku, nikakaa kwenye kigoda nikingoja viatu mlangoni. Akaja dereva. Alichukua furushi la mikanda, akaweka sukari na sabuni, akasema, "Daktari anasalimia sana." Mwaka uliofuata dereva tena. Hukuacha kununulia nyumba yangu sukari. Hukumzuia Nafula kuja. Hukunitukana. Uliondoa tu sauti yako, na ukuta ukanyamaza. Nilikuwa napika nikiwa nimegeukia mbao zile kama mtu aliyezimiwa redio. Na mimi, kwa kiburi, nikajiambia ni wewe mwenye hatia, ndiyo maana unaona haya.

Kisha nikasikia umevuka bahari, umeenda kulinganisha mifupa yako na ya wenzako kabla ya kuandika habari za mnyama yule.

Sasa nikuambie lililonileta hapa. Kiangazi hiki lori lenu lilishuka kutoka Turkana likiwa linavuta mguu, likafa kabisa karibu na Kitale. Ndani kulikuwa na mzigo mmoja mkubwa ambao hauwezi kulala barabarani. Yule mwanafunzi wako, msichana wa mlimani, Chebet, akakumbuka kwamba mikanda hutoka Matisi. Wakaja na vijana na nguzo, wakauteremsha polepole, wakauingiza kwenye stoo yangu ya mahindi. Mweupe, mrefu kama mtumbwi, mgumu kama yai. Nilipousogelea nikaona ukingo mmoja ambao plasta haikuufunika vizuri. Uzi wa buluu.

Nikaweka mkono pale. Nikamwuliza Chebet, "Huyu ni nani?"

"Huyu ni Mama," akasema, kama mtu anayesema huyu ni jirani.

"Mama nani?"

"Mama tu. Ni mguu wake wa nyuma, ule mwingine tulibeba zamani. Jina lake haturuhusiwi kulitaja, Daktari hataki."

"Kwa nini hataki?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Alinieleza kwamba zamani, mlipompata, mliketi kambini mkaulizana mnyama aitwe nani, nawe ukaandika jina kwenye karatasi ukamsukumia mwenzako bila kufungua mdomo. Mzungu yule akalisoma kwa sauti. Wewe ukainuka, ukatoka nje ya hema, ukakaa juani, jua lile la Turkana, mpaka walipomaliza kulizungumza. Wakadhani umekasirika. Chebet ndiye aliyekuletea maji akakuuliza. Nawe ukamwambia, "Hilo ni jina la mama mkwe wangu. Siwezi kukaa nalo chumba kimoja."

"Sasa Daktari, utafundishaje?" akakuuliza. "Utakuwa unatoka nje maisha yako yote?"

"Nitatoka. Mimi siwezi kulitamka. Ndiyo maana nataka dunia ilitamke kwa niaba yangu."

Mkwe wangu. Hiyo ndiyo ile "namna" ambayo binti yangu alitaka kuniambia nikamkata maneno. Ulikuwa umeifikiria chisoni yetu kwa undani kuliko mimi, kuliko shangazi, kuliko wazee wote wa kwetu. Mimi nikasema umenivua nguo, kumbe ulikuwa umekaa juani ili usinione.

Chebet alinitazama. Ni mtoto mwerevu, umechagua vizuri. Akauliza polepole, "Mama, ni wewe?"

Nikasema chai imechemka.

Aliponifuata jikoni alinieleza mengine. Kwamba uliporudi na jibu langu uliwaambia wenzako, "Mwenyewe hajakubali," ukafunga jambo. Kwamba miaka yote hii mnyama wako ana namba tu, kama mfungwa. Kwamba wenzako wa huko wamechoka kungoja, na wanataka apewe jina la tajiri fulani aliyelipia lori. Lori lenyewe hili lililokufa! Kwamba maandishi yako hayana budi kutoka mavuno haya yakiisha, na mahali pa jina umeacha nafasi tupu.

Mzigo wako ulikaa stooni mwangu mpaka fundi akapata kipuri. Habari zikaenea Matisi. Wamama wa maombi wakaja, wote, na viatu vya kanisani. Nilitaka kusema ni mzigo wa mkwe na kufunga mlango, kama nilivyozoea. Lakini nilikuwa nimeshaona uzi wangu pale, na mikono yangu ikakataa kufunga. Nikawaambia. Mkwe wangu si daktari wa magoti. Anasoma wanyama ambao Mungu aliwaumba akawafurahia peke yake, kabla hakujawa na jicho lingine la kuwaona. Na huyu hapa, alitaka kumpa jina langu, na mimi nikamtukana.

 Nikangoja kicheko nilichokikimbia miaka yote hii. Mama Ruth, unayemjua kwa sauti, yule anayekohoa kabla ya kuimba, alizunguka mzigo mara mbili.

"Ati jina lako wewe? Duniani kote?"

"Ndiyo."

"Na ukakataa?"

"Nilikataa."

"Wewe mama, una akili kweli?" akasema. "Mkwe wangu mimi hajanipa hata leso!"

Hapo ndipo walipocheka, wakipigana viganja, mmoja akisema hata unyayo mimi na mnyama tunafanana. Nami nilicheka nao, lakini nilikuwa nikiungua. Kwa maana aibu niliyoiogopa haikuwepo kabisa. Nilikuumiza kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Walipoondoka nilibaki stooni, nikapiga magoti kati ya mahindi na mguu wa mnyama wako, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya maombi sikupata neno hata moja.

Aibu ziko mbili, nimekuja kujua katika umri huu. Iko ile inayokufanya uruke nyuma ya mifuko ya plasta kwa kumheshimu mtu. Na iko ile inayokufanya umkane mtu wako kwa kuogopa macho ya jirani. Wewe ulinionyesha ya kwanza tangu siku ya posa. Mimi nilikulipa kwa ya pili. Ninapoandika haya uso wangu unawaka, na nashukuru umetazama ukutani.

Shangazi alikuja pia, usidhani aliachwa nyuma. Alisema iko njia: achinjwe mbuzi, tupeane zawadi mbele ya wazee, haya iondolewe, tusalimiane kwa mikono kama watu wa siku hizi. Nilifikiri sana. Nikamwambia hapana. Haya yetu isiondolewe. Ndiyo kitu kizuri zaidi tulicho nacho mimi na wewe, nami nimejua thamani yake nikiwa nimechelewa. Ninachoomba ni sauti tu. Kiangazi kijacho usimtume dereva. Viatu viache pale pale. Nitakohoa, nitaweka sahani mlangoni, nitarudi jikoni. Useme lolote, hata kama ni kunisifia tangawizi ambayo sikutia. Furushi lako liko tayari, na safari hii nimekunja ukingo mara mbili.

Lakini hilo la jina haliwezi kungoja kiangazi. Nafasi ile tupu ijaze. Usimpe mwenye lori. Mimi nilizaliwa wakati wa ukame, mama yangu akaniita hivyo kama wanawake wetu waitavyo watoto kwa majira yao, na naambiwa huko mlikompata mnyama hakuna majira mengine ila hayo. Basi tunafaana. Walisome wanaolisoma, waliongeze mikia wanayotaka. Na wakilitamka mbele yako, wewe inuka utoke nje kama ulivyozoea, ukae juani kidogo. Mimi huku jikoni nitajua umekaa huko kwa ajili yangu.

Nimalizie hapa, maharagwe yanaungua. Bwana akutunze na baridi ya huko. Sasa naandika kitu ambacho sijawahi kukupa. Kipokee kwa macho tu, usikisome kwa sauti.

Ni mimi mama mkwe wako, wa upande wa pili wa ukuta,

Nasimiyu.